Tata Sudere na Metali Isiyobadilika Rangi

Alikuwa ameacha ukucha mmoja urefuke, wa kidole kidogo cha mkono wa kulia, na kwa ukucha huo alipiga hodi kwenye kila kipande cha alumini kilichowekwa mezani pake. Alipiga mara moja, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kama wenye nyumba wapo. Kipande kizima kilijibu kwa sauti moja ndefu. Chenye ufa ndani kilijibu kwa kifupi, kama mtu aliyekatizwa maneno. "Huyu iko mugonjwa," alisema, akakiweka kando. Mimi nilivipiga vipande vilevile kwa kucha zangu zote kumi, na sikusikia tofauti yoyote.

Tulimwita Tata Sudere: tata ni baba, na sudere ndilo neno la Kifaransa tulilolizoea kwa fundi anayeunga metali kwa moto. Katika karakana ile walikuwapo masudere wengine zaidi ya kumi, lakini wao waliunga chuma cha kawaida, na kila mmoja aliitwa kwa jina lake. Yeye peke yake ndiye aliyeunga alumini, na jina la kazi likawa lake. Jina lake la ubatizo nalijua. Sitaliandika, kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

Kiwanda chetu, nje kidogo ya Kolwezi, kilitoa zinki. Zinki ilishika yenyewe kwenye mabamba ya alumini, makubwa kama mlango, yaliyoning'inizwa kwa mistari ndani ya matangi ya asidi yenye kupita umeme. Baada ya siku mbili bamba lilitolewa, zinki ikabanduliwa kama ganda, bamba likarudishwa kwenye tangi. Asidi ililamba mabamba. Kila wiki mengine yalikatika shingoni, pale bamba jembamba linapokutana na mtaimbo mnene wa alumini unaolishikilia. Kazi yangu ilikuwa kuyasukuma kwa mkokoteni hadi kwa Tata Sudere yakiwa yamekatika, na kuyarudisha yakiwa yamepona.

Niliacha shule darasa la tano, huko kwetu kaskazini mwa Katanga, na tangu hapo sijakaa sana mahali pamoja. Nimekuwa mpakiaji, mchuuzi wa samaki wakavu, mlinzi wa usiku, mpiga matofali. Kwenye mkokoteni ule nilikaa miaka sita. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke aliyenikimbia, na nilikaa kwa sababu ya mtu huyu. Nilitaka kujua anafanyaje.

Ugumu wa alumini hauonekani kwa macho, na hapo ndipo ulipo. Chuma ukikipasha moto kinakwambia hali yake: kinakuwa chekundu, kisha cha machungwa, kisha cheupe, na wewe unajua ulipofika. Alumini haisemi. Inabaki na rangi yake ya sahani ya chakula hadi dakika ya mwisho, kisha inaanguka yote kwa mara moja. Halafu ina ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo inahitaji moto mkali kuliko nyama iliyo chini yake. Ukichoma ili ngozi ivunjike, nyama imeshamwagika.

Tata Sudere alikuwa na namna yake ya kulieleza hilo, na aliirudia kwa kila mgeni aliyeingia karakanani.

"Fer, chuma hii, iko sawa tata yako," alisema. "Akikasirika unaona, macho inakuwa myekundu, unakimbia. Lakini alumini iko sawa mama-buko yako, mama ya bibi yako. Anakuangalia tu. Anakupatia kiti, anakupatia maji. Haonyeshi kitu. Siku moja unasikia ndoa imekufa."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kila mara, kwa sababu mama mkwe wangu mimi alikuwa hivyo hivyo.

Alivaa kofia ileile ya kitambaa kazini, nyumbani na njiani, akaivua kanisani tu, na hapo tuliona kwamba hakuwa na upara, kama tulivyodhani, bali nywele nzuri nyingi. Alikunywa chai baridi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Alipokuwa anaunga hakupumua. Aliweka pumzi kifuani mwanzo wa mshono na kuiachia mwishoni, na mshono mrefu ukimwishia pumzi, alisimama mahali alipopapanga tangu mwanzo, kamwe si kokote. Mshono wake ulikuwa na mawimbi madogo yaliyolingana, moja juu ya jingine, kama sarafu zilizolazwa ubavu.

Alikuwa mdanganyifu mkubwa kwenye mchezo wa dama. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kapata, mstari wa tatu wa zile nyumba za Kampuni yenye kiwanda, zinazofanana kama matofali, na Jumapili mchana ubao wa dama uliwekwa kibarazani. Aliposogeza kete mbili kwa mara moja na ukamshika mkono, hakuona haya. "Minajaribu macho yako," alisema. "Iko muzuri. Endelea."

Mkewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mzaha, alipita nyuma yetu na beseni la sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Mutembezi, usicheze naye," aliniambia. Mutembezi ndilo jina walilonipa pale nyumbani. "Huyu hata Mungu anamudanganyaka. Anasali rozari, anaruka tano."

Watu walikula pale. Aliunga baiskeli za watoto wa majirani, masufuria ya wajane, mguu wa kitanda cha katekista, na hakutaka kitu. Alinifundisha kusoma michoro ya mashine: mstari mzima ni ukingo unaoonekana, mstari wa vidoti ni ukingo uliojificha. Mtu wa darasa la tano, nikajua kuuona upande wa nyuma wa kitu ambacho sikuwa nimekishika. Alinifundisha kupunguza matawi ya nyanya. Alinisahihisha Kifaransa changu bila kucheka. Alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa kile alichokuwa nacho peke yake.

Kabla ya kila mshono mgumu, ule wa bamba jembamba kwenye mtaimbo mnene, alitutoa nje. "Endeni mutafute maji." Tulikwenda, wote, hata kama ndoo zilikuwa zimejaa. Tuliporudi mtaimbo ulikuwa umeshapata joto lake, naye alikuwa anapangusa kitu kwa kitambaa. Mfukoni alibeba kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwenye karatasi, na hakuna aliyemwona akinawa nacho. Masudere wa chuma walisema ni dawa ya kwao, mkoa jirani wa Kasai. Walisema sabuni ile ilikuwa na kitu ndani.

Mtu huyu Jumapili jioni aliongoza sala za mstari mzima wa nyumba. Aliwahi kumfokea mama mmoja barabarani kwa kwenda kwa mganga. Lakini karakanani, masudere waliponong'ona kuhusu sabuni, hakukana. Alitabasamu kidogo na kuirudisha mfukoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini anawaacha waseme.

"Kufuli inavunjikaka," alijibu. "Woga haivunjike."

Nilimwomba anifundishe mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Tata, unifundishe kuunga."

"We Mutembezi, miguu yako ilisoma kuliko kichwa. Leo nakufundisha, kesho uko Zambia na kazi yangu mu mufuko."

"Siendi Zambia."

"Utaenda," alisema, na nilienda.

Lakini nilijua kwamba sababu haikuwa Zambia. Sababu aliisema wazi, tena kila siku zilipozidi kuwa ngumu: "Mutu mwenye banamuhitaji, habawezi kumufukuza." Aliisema kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia. Mkewe alikuwa na jibu lake.

"Jembe pia banalihitaji. Bakimaliza kulima, linalala fasi gani? Linalala inje."

Maneno hayo yalianza wakati kila kitu kilipoanza kulegea. Chini, kwenye migodi, kulikuwa na maporomoko, na juu, kwenye ofisi, hakuna aliyejibu barua. Chupa za gesi zilichelewa. Matangi mengine yalikauka, na vumbi jeupe likakaa ndani yake. Watu wakaanza kutafuta wa kulaumiwa. Redioni na mikutanoni tukasikia kwamba Katanga ina wenyewe na ina wageni, na kwamba wageni ni watu wa asili ya Kasai, wale ambao babu zao waliletwa kufanya kazi migodini. Waliitwa bilulu, wadudu. Tata Sudere alikuwa Kolwezi kabla mimi sijajua Kolwezi iko wapi. Watoto wake walitaniana kwa Kiswahili na hawakujua Tshiluba, lugha ya baba yao, zaidi ya salamu. Mimi niliyeshuka juzi kutoka kaskazini na gunia moja ndiye niliyeambiwa ni mwenye nchi.

Walikuja Kapata asubuhi, baada ya chai. Walikuwa vijana wengi wenye fimbo na mapanga, na baadhi yao tuliwajua kwa majina. Hawakumpiga Tata Sudere. Mmoja, ambaye baiskeli yake iliungwa kwenye kibaraza kilekile, alisimama mlangoni akasema kwa adabu, "Tata, utusamehe. Lakini ni leo." Mwingine alimsaidia kubeba redio hadi barabarani, kisha akakata kona nayo.

Mimi nilikuwa mstari wa tano, chumbani kwangu, mlango umefungwa. Haya niliyasikia baadaye kwa majirani. Nimejaribu miaka mingi kutafuta namna nyingine ya kuandika sentensi hiyo ya mlango, na sijaipata.

Maelfu ya watu wa asili ya Kasai walipelekwa stesheni kungoja treni ya kwenda Kasai, na treni haikuja. Walikaa siku, kisha wiki, chini ya mahema ya magunia na mabati, kando ya reli. Watoto waliharisha. Nilipeleka unga mara mbili na kuuacha kwa masista, ili nisionane naye.

Siku ya kumi na mbili au kumi na tatu, Enjenieri aliniita. Alikuwa mkuu wa karakana, mtu wa kwetu kaskazini, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Nje ya ofisi yake mabamba yaliyokatika yalikuwa yamepangwa ukutani kama milango ya nyumba zilizobomolewa.

"Unajua kule Sudere iko," alisema. Hakuuliza.

"Najua."

"Mwambie arudi. Aunge haya. Nitamtafutia karatasi ya kubaki, yeye na jamaa yake. Mwambie nimesema mimi."

Nilimkuta amekaa juu ya sanduku, kofia kichwani, anatengeneza mpini wa sufuria ya mtu kwa waya. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilipomweleza ujumbe, alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye foleni.

"Mama," alimwambia mkewe, "nilikuambia nini? Bananihitaji."

"Banahitaji mikono," mkewe alisema. "Mikono tu. Mwili wote utakaa wapi?"

"Kuko karatasi."

"Umeiona?"

"Enjenieri amesema."

Mkewe alinigeukia mimi. "Mutembezi, we umeiona?"

Nikasema Enjenieri ameahidi. Hilo lilikuwa kweli, nami nililisema kwa sauti ya mtu aliyeiona karatasi.

Tulirudi kwa miguu katikati ya mji, yeye mbele, mimi nyuma, kwa barabara ileile waliyompitishia walipomfukuza. Watu waliokuwa wakiuza mikate waligeuza macho. Alifanya kazi siku nne, na sijawahi kumwona akiwa na furaha kama siku zile. Alipiga ukucha, akasikiliza, akatutuma maji. Mabamba yaliyopona yalianza kuwa mengi kuliko yaliyokatika. Siku ya pili, masudere wa chuma walipotoka kwenda kula, nilimwambia waziwazi.

"Tata, unifundishe sasa. Wakikukatalia, kazi itapotea kabisa."

Aliniangalia bila hasira.

"Ni hiyo njo sababu, mwana," alisema. "Nikikufundisha weye, bataniita tena ju ya nini?"

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, tulisikia honi ya treni. Bamba lilikuwa mezani, mshono umefika nusu. Alizima moto, akaingia ofisini kwa Enjenieri, mlango ukabaki wazi.

"Karatasi, patron."

"Haijasainiwa, tata. Ungoje Lundi, Jumatatu."

"Treni iko leo."

"Lundi," Enjenieri alisema, akitazama meza. "Minakuomba. Lundi."

Tata Sudere alitoka. Aliutazama ule mshono wa nusu. Nilijua, kwa kuwa alikuwa ameniambia mwenyewe, kwamba alumini ikipoa katikati ya mshono hupasuka, na katika miaka sita hakuwa ameacha mmoja njiani. Kisha alianza kukimbia. Mtu wa miaka hamsini na zaidi, aliyezoea kusimama, alikimbia na buti za kazi hadi stesheni, nami nyuma nikibeba mfuko wake. Mabehewa yalikuwa ya mizigo, mengine hayana paa, na watu walikuwa wamejaa hadi juu ya viunganishi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, anasukumana na wanaume, amewazuilia nafasi. Alimshika mumewe ukosi wa shati akamvuta ndani.

"Karatasi iko wapi?" alimuuliza.

Tata Sudere alionyesha mikono miwili, mitupu. Nilirusha mfuko, ukadakwa na mtu nisiyemjua. Binti yao wa mwisho, aliyekuwa amekaa kwenye goti la dada yake, hakufika Kasai. Hilo nililijua miaka mingi baadaye.

Juma lililofuata Enjenieri aliamuru masudere wa chuma wamalize mabamba yaliyobaki. Walikuwa mafundi wazuri, sitaki wachekwe. Waliweka mtaimbo juu ya meza, wakawasha moto mkubwa wa kuupasha, tukasimama kwa duara, kila mmoja na maoni yake. Tulikuwa tunangoja uwe mwekundu.

"Bado," alisema mmoja.

"Bado kabisa. Angalia, hata haijabadilika."

"Ongeza."

Mtaimbo ulikuwa na rangi ya sahani. Mkubwa wao aliinama autazame kwa karibu, akasema "Bado" mara nyingine, na hapo mtaimbo wote ulishuka. Haukuinama, haukutoa dalili. Ulimwagika mezani kama uji na kuanguka kwenye viatu. Mmoja aliungua mguu na anachechemea hadi leo, kama bado yu hai. Nilikuwa nimesikia maneno ya mama-buko labda mara mia. Nilikuwa nimedhani yanahusu mama wakwe.

Baada ya hapo kiwanda kilinyamaza, tangi baada ya tangi, na sitasema kilikufa kwa kukosa mtu mmoja, maana kilikosa mengi. Mimi niliondoka. Nilichimba madini Mutoshi, nikasomba mchanga wa mabaki kule Kingamyambo, kisha nikavuka mpaka. Ndola, Zambia, nilibebea vyuma fundi mmoja mnene aliyeunga matangi ya malori, nayo yalikuwa ya alumini. Siku ya kwanza nilimwona akitoa sabuni mfukoni. Aliichora mstari juu ya metali, mbele yangu, mbele ya kila mtu, akapitisha moto upande wa chini. Mstari ule ukawa wa kahawia, kisha ukawa mweusi, akasema, "Tayari." Metali haibadiliki rangi, basi sabuni inabadilika kwa niaba yake. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna zaidi.

Nilimuuliza nani alimfundisha. Alidhani namtania.

"Hii? Iko kwenye kitabu cha shule ya ufundi. Ukurasa wa mwanzo."

Nilicheka pamoja naye. Kisha nilikaa juu ya ndoo. Kitu ambacho Tata Sudere alikizungushia hofu ya karakana nzima, kitu alichokifanya kuwa tikiti ya kurudia nyumbani, kilikuwa kimeandikwa ili kila mtu akisome. Nilikuwa nimekosa kukijua kwa sababu niliacha shule, na yeye alikuwa amedhani ni siri kwa sababu sote pale tulikuwa tumeacha shule.

Kusini zaidi, miaka mingi mbele, nilifagia sakafu ya kiwanda cha mabehewa ya treni. Huko niliona mashine ya kuunga alumini isiyo na moto. Mabamba mawili ya alumini yanabanwa yakigusana. Msumari mnene wa chuma kigumu, wenye bega pana, unazunguka kwa kasi na kuzama kati yake. Kwa kusugua tu, metali inapata joto na kulainika, haifiki kuyeyuka, na ule msumari unatembea mstari wote ukiikoroga pande mbili kuwa moja, kama mwiko kwenye bukari, ugali wetu. Hakuna mwanga, hakuna moshi. Nilisimama na ufagio hadi msimamizi akanipigia makofi nirudi kazini. Sikuwa na mtu pale wa kumweleza. Mtu niliyetaka kumweleza alikuwa mmoja tu.

Ndiyo sababu, nilipokuwa na nauli na kiasi cha ujasiri, nilipanda hadi Mwene-Ditu, mji wa reli huko Kasai, ambako niliambiwa wengi wa treni zile walishukia. Niliulizia sudere wa Kolwezi. Hawakumjua. Niliulizia mzee mwenye kofia, wakanionyesha kwa kidole.

Alikuwa nyuma ya soko, anayeyusha vyuma chakavu vya alumini kwenye shimo la makaa na kumimina masufuria ndani ya mchanga. Vifuniko vya injini, fremu za madirisha, makopo, vilikuwa chungu moja kando yake. Alikuwa amekonda na kuwa mfupi. Mkewe alikaa mbele na masufuria yaliyopangwa, na ndiye aliyenitambua.

"Mutembezi!" alisema. "Umekuja kutufukuza na huku?"

Majirani walicheka bila kujua wanacheka nini. Mimi sikujua niweke wapi mikono. Mkewe alinisogezea kiti, akanipa maji, na hapo nikawa na hofu zaidi.

Tata Sudere alinisalimu kana kwamba tuliachana juzi. Aliniuliza habari za nyanya za Kapata. Kisha akauliza, huku anachochea makaa, "Nani anaunga sasa?"

"Hakuna, tata. Kiwanda kilinyamaza. Zamani."

Nilidhani atafurahi, au atalia. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa basi limeshapita.

"Miaka miwili valisi yake ilikuwa imefungwa," mkewe alisema. "Kila treni ikilia, anainuka. Siku moja mi njo niliifungua, nikauza suruali."

"Zilikuwa suruali nzuri," alisema mumewe.

Nikamweleza mashine. Nilichora ardhini kwa kijiti: mabamba mawili, msumari, mstari, na ukingo uliojificha kwa vidoti. Alichuchumaa karibu na mchoro.

"Moto?"

"Haiko."

"Gesi?"

"Haiko."

"Na ile ngozi yake?"

"Inavunjika mu kukoroga, inapotelea ndani."

"Sudere anasimama fasi gani?"

"Sudere haiko, tata. Kuko kijana mwenye kufinya kitufe."

Mkewe aliacha kupangusa sufuria. "Unasikia? Hata bangekuacha kule..."

"Ngoja, mama." Alikuwa bado anautazama mchoro. Alifuata mstari kwa kidole hadi mwisho, akasimama. "Huu musumari. Ukifika huku, ukitoka, unaacha nini?"

Nilikuwa nimefagia kiwanda kile miaka mitatu, nimesikia wageni wakubwa wakieleza mashine ile, na sikuwa nimesikia mtu akiuliza swali hilo.

"Unaacha tundu," nilisema.

Kwa mara ya kwanza tangu nifike, alitabasamu. "Nilijua. Haiwezi kuingia vile na kutoka bila tundu. Na tundu banalifanya nini? Asidi itapita. Maji itapita."

"Banaongeza kipande kingine ku mwisho, tata. Cha bure. Musumari unapita mushono wote, unaenda kutokea kule, tundu linabakia kule. Kisha banakikata."

"Kile kipande?"

"Ndiyo. Kwa msumeno. Mushono unabaki muzima."

"Na kipande banafanya nini nacho?"

"Banakitupa. Sanduku ilikuwa inajaa kila siku. Mi njo nilikuwa naimwaga."

Alitazama chungu ya vyuma chakavu kando ya shimo, makopo na fremu zilizopinda, akasafisha koo.

"Iko alumini muzuri?"

"Muzuri kabisa, tata. Mupya."

"Ukirudi kule," alisema, "ubaambie bakitupe huku."

Mkewe alicheka hadi akashika mbavu. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono nimpe koleo, nami nikampa.